Mlinzi wa Ndani

Katika nyumba ya Mzee Mahmud, pale Kaloleni mjini Voi, palikuwa na vyumba viwili ambavyo mtu hakuingia na viatu: chumba alichosalia mzee mwenyewe, na chumba cha kompyuta. Cha kwanza kila mtu alikielewa. Cha pili ndicho kilichowachekesha watu. Umetoka zako Mraru na barua ya kupigiwa chapa, vumbi jekundu mpaka magotini, na bintiye mzee, Nasiha, anakusimamia mlangoni mikono kiunoni: "Viatu hapo. Na miguu ufute." Ukiuliza kwa nini, unaambiwa vumbi linaleta virusi.

Msimcheke. Mwaka wa tisini na nane nani kati yetu alijua virusi vya kompyuta vinaingilia wapi? Kila penye kompyuta nchi hii palikuwa na pazia zito dirishani, kitambaa cha kuifunika, na lundo la viatu mlangoni kama msikitini siku ya Ijumaa. Nasiha alimshinda kila mtu kwa kufuata masharti hayo. Kifuniko alikishona kwa mkono wake, cha maua ya waridi, na kila jioni aliivisha mashine ile kama anayemfunika mtoto. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyeachwa na mumewe Mombasa akarudi kwa babake na taipureta yake, na hakuwa na mtoto. Watu wakasema kompyuta ndiyo mtoto wake. Midomo ya watu haina breki.

Lakini haikuwa mtoto wake. Ilikuwa ahadi ya babake, na hapo ndipo watu walipokosea.

Mzee Mahmud alikuwa karani wa reli. Wazee wake walitoka pwani wakifuata treni, yeye akazaliwa Voi, akazeekea Voi. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe au wakaoa mke wa pili. Yeye alinunua redio kaseti. Akaanza kuzunguka. Alipanda hadi Werugha, kwenye ukungu, ambako wazee huzungumza wamejifunika blanketi karibu na meko. Aliteremka Marungu kwa wakulima wanaokesha wakifukuza ndovu kwenye mahindi. Alikaa na Wadawida, wenyeji wa huko, na Wakamba waliohamia, na Waswahili wenzake wa reli, akawawekea kinasa sauti magotini na kusema, "Haya, niambie ulivyoishi." Na kila mmoja alipomaliza alimpa mkono na neno moja: "Wallahi, maneno yako hayatapotea."

Sasa wale waliopewa neno hilo walikuwa wamekufa karibu wote. Na mzee mwenyewe alikuwa hana macho. Presha ya macho ilimla pole pole, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka daktari akamwambia kilichoondoka hakirudi. Hakulia. Alisema tu, "Basi Nasiha atakuwa macho yangu," na Nasiha, aliyekuwa akikoroga uji, akasema, "Inshallah, baba."

Kompyuta aliileta Fawaz, mwana wa ami yake Nasiha, kijana wa Mombasa mwenye maneno matamu na miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Na kazi ikaanza. Kanda inacheza, Nasiha anasikiliza, anaisimamisha, anapiga chapa, anairudisha nyuma, anapiga tena. Neno kwa neno, hata kikohozi. Mzee alikataa maneno yasafishwe. "Wewe si mwalimu wao," alisema. "Waandike walivyo."

Kuna jambo moja ambalo asiyewahi kupiga chapa halijui. Mpiga chapa hodari hasomi. Maneno yanaingilia sikioni yanatokea vidoleni, njiani hayakai. Nasiha aliweza kupiga kisa kizima cha msiba huku akiwaza kitoweo cha jioni. Hilo lilikuwa fahari yake, kasi ile, na wateja walimsifu. Wangejua itakuja kumliza, wangemnyamazia.

Mtauliza kwa nini hawakuchapisha kwenye karatasi. Waliulizwa. Miaka ya nyuma alikuja mtu wa chuo kikuu, msomi mwenye tabasamu, akaazima karatasi zote za kwanza alizoziandika mzee kwa mkono. Mpaka leo hajarudi. Tangu siku hiyo mzee alikula kiapo: hakuna ukurasa utakaotoka, wala diski, mpaka kitabu kiishe, asomewe chote mwanzo hadi mwisho, akiridhie. Ndipo kitoke kizima. Kazi yote ilikuwa ndani ya mashine ile na hapana pengine.

Basi siku moja akaja Kilonzo.

Kilonzo alikuwa fundi, Mkamba wa Mraru, amesomea Nairobi akarudi na baiskeli na sanduku la diski. Alikuja kutazama printa iliyokuwa ikitafuna karatasi. Alivua viatu bila kuambiwa, akatengeneza printa, kisha akaitazama kompyuta kama daktari anavyomtazama mtu aliyemsindikiza mgonjwa.

"Dada Nasiha, hii mashine iko na dawa ya virusi?"

Fawaz alikuwepo siku hiyo, amejilaza kwenye kiti cha mzee, anakula kaimati. Ndiye aliyejibu.

"Dawa ya nini, fundi? Hii Windows mpya hii, si ile mlosomea nyinyi. Ina kinga yake humo humo ndani. Na chini kabisa, hata kabla haijaamka, mna mlinzi mwengine wa virusi. Nimemwasha mwenyewe kwa mkono wangu."

Kilonzo akacheka. "Huyo mlinzi namjua. Analinda mlango moja tu, ule wa kuwashia. Siku hizi virusi haipigi hodi hapo. Inaingia imejificha ndani ya programu. Unaifungua mwenyewe, unaikaribisha chai."

"Kwa hivyo waloiunda ni wajinga, mjanja ni wewe wa Mraru?"

"Sijasema ni wajinga. Mwenye kujenga nyumba ameweka mlango na kufuli. Lakini hajui wewe utafungulia nani."

"Nyinyi mafundi mwauza hofu," Fawaz akasema, akalamba sukari kidoleni. "Leo diski hii, mwezi ujao diski nyengine, mwezi wa tatu nyengine tena. Mtu akishanunua mara moja, keshakuwa mgonjwa wa maisha. Kitu kizima hakitiwi kiraka."

Nasiha aliwasikiliza wote wawili. Alitaka kuamini kitu kimoja tu, kwamba maneno ya wazee yako salama, na yeyote ambaye angemwambia hivyo kwa sauti ya uhakika angemfuata. Akamgeukia Kilonzo.

"Fundi, hebu niambie kweli. Hiyo dawa yako yaua virusi vyote?"

Na Kilonzo, maskini, hakuzaliwa mfanyabiashara. Alijikuna kichwa. "Ile inajua, inaua. Ile mpya haijui, mpaka nilete ingine."

"Ahaa!" Fawaz akapiga paja. "Mwenyewe akiri!"

Mambo yakaishia hapo. Ukweli wa Kilonzo ulimpokonya mteja, na uhakika wa Fawaz ukashinda bila kutoka jasho. Kilonzo alivaa viatu vyake, akasema, "Basi angalau nakili hii kazi kwa diski, uweke mbali." Nasiha akamwambia asante, lakini diski ndizo zinazoleta virusi, na katika chumba hiki haitaingia diski ya mtu wala haitatoka. Fundi akamtazama, akaona hapana pa kushika, akapanda baiskeli.

Na alilishika neno lake, Nasiha. Alikuja mwalimu na mtihani wake kwenye diski, akarudishwa. Alikuja katibu wa chama cha wakulima, akarudishwa, akaondoka akinung'unika kwamba huyu mama amegeuza ofisi kuwa kituo cha polisi. Mlango ulikuwa umefungwa kwelikweli. Ila kwa mtu wa nyumbani. Tangu lini mtu wa nyumbani akapigishwa hodi?

Ramadhani ilipoingia, Fawaz alikuja na tende kutoka Mombasa, halua, na diski. Ndani ya diski, alisema, mna programu ndogo ya nyakati za sala. Unaiwekea mji wako, na kila wakati ukiingia, kompyuta inaadhini. Sauti ya muadhini hasa. Nasiha hata hakuwaza. Angewaza nini? Kitu cha kheri, mwezi mtukufu, mkononi mwa ndugu. Alivua kile kifuniko cha maua, akaitia diski mwenyewe.

Magharibi ya siku ile kompyuta ikaadhini. Mzee Mahmud alikuwa ameketi barazani na tende mkononi, na saa ya ukutani kwake ilikuwa imekufa tangu macho yalipokufa. Aliposikia adhana ikitoka chumba cha pili, alisimama, akashika ukuta, akaenda mpaka mlangoni pa chumba kile na kusimama hapo hadi ilipomalizika. "Fawaz," alisema, "Mungu akupe." Na Fawaz akavua miwani yake akaipangusa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga. Lakini wahenga hawakusema ufanyeje nguo yenyewe ikiwa ndiyo unayosalia.

Baada ya Idi Kubwa, kazi ikaisha. Nasiha alipiga nukta ya mwisho, akaegemea kiti na kunyoosha vidole; kumsomea mzee kukangoja apumzike kwanza. Juma lile lile akaja ustadhi wa madrasa. Watoto wanajiandaa kwa Maulidi, wanataka kurekodi kaswida, na kanda tupu ni ghali. Je, Mzee Mahmud, mwenye sanduku zima la kanda, hana za zamani za kusaidia?

Nasiha ndiye aliyelipeleka neno kwa babake.

"Zimo zote ndani?" mzee akauliza. "Kila mtu?"

"Zimo, baba. Kila neno."

"Na sauti zao, je?"

"Baba, kanda zenyewe zishachoka. Zakwaruza. Mwaka mwengine na hazitasikika. Maneno ndiyo wosia, na maneno yapo."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi wape. Iwe sadaka yao, wale waliokufa. Watoto wasome juu yake." Nasiha akalibeba sanduku mwenyewe mpaka madrasa, na njia nzima alijiona anafanya jema. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyefanya baya katika nyumba ile, na huo ndio uchungu wenyewe, kwa sababu ukitafuta wa kumlaani humpati.

Halafu ikaja Jumatatu ile ya mwisho wa Aprili, mwaka wa tisini na tisa, tarehe ishirini na sita.

Mvua ilikuwa imenyesha, stima ilikuwa imekatika na kurudi. Nasiha aliondoa kifuniko, akabonyeza kidude. Feni ikavuma. Skrini ikabaki nyeusi. Akangoja. Akaizima, akaiwasha. Nyeusi. Akachomoa waya zote, akazipuliza, akazichomeka. Akasoma Bismillahi akabonyeza tena, taratibu, kama anayemwamsha mtu. Feni ikavuma, ikavuma, na hapana kilichokuja.

"Nasiha," babake akaita kutoka barazani, "adhuhuri haijafika?"

"Stima ni ndogo, baba," akasema. "Mashine imekataa."

Kilonzo aliitwa, akafika alasiri, kalowa. Alivua viatu. Alifungua mashine, akatazama ndani, akachomoa kile kisanduku cha chuma kinachohifadhi kazi, akakichomeka kwenye mashine nyingine aliyokuja nayo, ya kuazima. Akatazama sana. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Dada Nasiha, ulisikiliza redio saa saba?"

"Sikusikiliza."

"Wanasema ni dunia mzima. Kuna virusi ilikuwa imelala ndani ya mashine, miezi na miezi, inangoja tarehe ya leo. Leo imeamka. Inafuta kila kitu, halafu inaua ile akili ya kuwashia. Ndio sababu hata haiamki."

"Ifufue."

"Dada."

"Nimesema ifufue, Kilonzo!"

Akashusha macho. "Uliweka programu gani hapa? Ya mtu?"

Alipomwambia, fundi alifumba macho. Akasema haraka, kama anayeogopa kueleweka vibaya, "Si kosa ya adhana. Usifikirie hivyo. Ile kompyuta yenye ilitolewa hiyo nakala ndio ilikuwa mgonjwa. Imebeba tu."

Nasiha akashika meza. Halafu hasira ikampanda, hasira ya mtu anayetaka mwenzake awe na kosa. "Basi sema! Sema ulinionya! Wangojea nini? Ulinambia, nikakukataa, haya nicheke!"

"Sina kicheko," Kilonzo akasema. "Yangu pia imekufa leo asubuhi. Nilidhani ni stima."

"Yako? Si ilikuwa na dawa?"

"Dawa ya mwaka jana. Hii haikuwa inaijua." Akapangusa uso na mkono wenye mafuta. "Hata ungenunua ile diski yangu, dada, ni hivi hivi tu. Nimekuwa nikifikiria hiyo njia mzima. Ni hivi hivi."

Je, mnaona? Angalau angekuwa na majuto yaliyonyooka: laiti ningemsikiliza. Hata hayo alinyimwa. Mlinzi wa ndani alilala, na mlinzi wa kununuliwa naye alilala, na fundi na mteja wakakaa sakafuni wakitazamana bila viatu.

Kisha Nasiha akakumbuka kanda. Alitoka mbio hivyo hivyo, mguu mtupu, buibui likimpepea, na watu wa Kaloleni wakatoka madukani kutazama, maana hapana aliyewahi kumwona binti Mahmud akikimbia. Madrasa walikuwa katikati ya kaswida. Alimwomba ustadhi redio, akaketi kwenye jamvi, akatia kanda ya kwanza. Watoto wanaimba. Akageuza upande. Watoto. Akatia ya pili. Akatia nyingine na nyingine, huku ustadhi amesimama kando hajui kosa lake. Watoto wa madrasa ile wana sauti nzuri, na walikuwa na bidii. Walijaza kila kanda, pande zote mbili, tangu mwanzo mpaka utepe unapokatika. Alizisikiliza zote. Zilipokwisha alimshukuru ustadhi, akarudi nyumbani, na miguu yake ilikuwa na tope hadi vifundoni, akaingia nayo chumba cha kompyuta.

Fawaz alipigiwa simu. Nasiha alimweleza.

"Lakini dada, mlinzi nilimwasha," akasema, kwa sauti ya mtoto. "Wallahi nilimwasha."

"Najua."

"Wallahi, dada."

"Najua, Fawaz. Hapana akwambiaye hukumwasha."

Alikuja kesho yake, akakichukua kile kisanduku cha chuma akakipeleka Mombasa kwa mafundi wakubwa. Baada ya siku kadhaa alirudi. Alileta kompyuta nyingine aliyoinunua kwa kuuza pikipiki yake, na karatasi moja. Walichokipata ndicho hicho, alisema. Karatasi ilijaa alama zisizosomeka, nyota na mikwaju na herufi zilizorukiana, na katikati yake, peke yake, maneno haya: na mimi nika. Nasiha aliitazama karatasi ile. Nika nini? Nani huyo? Nikafa, nikaolewa, nikacheka? Aliirudia na kuirudia, na vidole vyake, vilivyowahi kuyapiga maneno hayo, havikumwambia kitu.

Mzee hakuambiwa. Nasiha alimwambia mashine ilishikwa na homa, iko kwa fundi, na mzee akasema, "Itapona, si binadamu." Kila asubuhi Nasiha aliamka na nia ya kumwambia. Alifungua kinywa, akatia uji. Angesemaje? Mtu amezeeka, amepofuka, alichobakiza duniani ni kuweza kusema kwamba hakuwadanganya wafu. Mwambie basi wewe, kama u hodari.

Lakini mashine mpya ilipowekwa mezani, feni ikavuma, na mzee akaisikia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Imepona."

Akavuta kiti chake mwenyewe, akipapasa ukuta, mpaka chumba cha kompyuta. Akavua makubazi mlangoni. Akaketi, akapanga kanzu magotini, akakunja mikono kama mtu aliyefika mapema kwenye khitma.

"Haya. Ndiyo siku yenyewe. Nisomee."

"Leo, baba?"

"Leo ni Ijumaa, nimeoga, nimesali. Unataka nikwambie kesho nami sijui kama ninayo? Anza na Kaveke. Yule ndiye aliyekufa wa kwanza, ana haki ya kutangulia."

Kaveke alikuwa bibi wa Kikamba wa Marungu. Nasiha alilipiga chapa simulizi lake mwaka mzima nyuma. Alijikaza akumbuke. Yalimjia mafupa matupu: njaa, Ukambani, yeye na mamake wakifuata reli kwa miguu hadi Voi. Hapo ndipo pa mwisho. Kila kilichokuwa nyama, kila mzaha wa bibi yule, kila tusi lake na pumzi yake, kilipita vidoleni kikaenda.

"Nasiha?"

"Naitafuta, baba. Hii hapa."

Akaanza kusoma. Skrini mbele yake ilikuwa na rangi ya samawati na hapana neno. Alisoma polepole, akimpa Kaveke maneno: jua la Tsavo, kokoto za reli zilivyochoma nyayo, mama aliyekuwa akitangulia na kugeuka nyuma kila mara. Aliyatunga yakamtoka, mazuri, na uzuri wake ukamkirihi. Alikuwa akisoma kwa sikio moja. La pili lilimngoja babake. Alingoja aseme, "Acha! Kaveke hakusema hivyo." Wallahi alimwombea Mungu aseme hivyo. Babake alikaa na bibi yule jioni nzima, akamsikia kwa masikio yake, akairudia kanda ile hata akawa anaicheka kabla ya pahali pa kuchekea. Kama kulikuwa na mtu mmoja juu ya ardhi aliyemkumbuka Kaveke alivyosema, ni huyu. Angekemea, naye angelia, angesema yote, na Kaveke angalau angekuwa amebaki mahali.

Mzee alikuwa akitikisa kichwa taratibu.

Basi Nasiha akafanya jambo la mtu aliyekata tamaa. Jambo moja alilijua kwa yakini, maana siku ya mazishi lilisemwa: Kaveke alikuwa mtoto wa pekee, hakuwa na ndugu tumbo moja. Nasiha akamtilia ndugu. Akasoma kwamba njiani walikuwa watatu, mama na Kaveke na kitoto cha kiume kiitwacho Mbuvi; kwamba Mbuvi alichoka; kwamba mama alimketisha chini ya mgunga kando ya reli, akamwambia, tungoje hapa, tunakwenda kukutafutia maji. Hawakurudi kumchukua. Akasoma hivyo, uwongo mtupu, akanyamaza, akamtazama babake usoni. Sasa. Sasa atasema.

Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee kutoka kwenye yale macho yasiyoona kitu.

"Mbuvi," akasema. "Naam. Naam, mwanangu. Yule mtoto. Namkumbuka alivyokuwa akimtaja, sauti ikimkatika." Akatoa leso, akajipangusa. "Hivyo hivyo alivyosema. Nilikuwa nikichelea nimeshasahau, kumbe sijasahau hata neno."

Nasiha aliangalia huku na huku chumbani, kama anayetafuta mtu mwingine wa kumuuliza, na hapakuwa na mwingine.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza kwa upole. "Endelea. Na usiruke neno, nimewapa ahadi."

Akaigeukia ile skrini tupu, akakohoa kidogo, akaendelea kusoma.